Tawi Halishikwi kwa Mikono: Maswali Yenu ya Kamba na Kukata Miti

Toleo lililopita tuligusia miti iliyopandwa karibu na nyumba, nikasema tawi kubwa likiwa juu ya bati halidondoshwi, linateremshwa kwa kamba. Meseji zimekuja nyingi na nyingi zinauliza kitu kilekile: kamba gani, fundo gani, nani ashike. Nimechagua chache. Haya yote ninayojibu ni ya matawi ya kawaida ya nyumbani, sio magogo ya mbuyu, na anayepanda juu awe na kamba yake mwenyewe ya kumshikilia, tofauti kabisa na ile inayobeba tawi.

Shikamoo fundi. Nina mwembe wa siku nyingi hapa Tegeta, tawi moja limeenda kulalia bati la jirani, na yeye ndo kaezeka juzijuzi hataki kusikia hata embe limegonga. Kijana wa kukata amekuja kaangalia, anasema ishu ndogo, atafunga kamba kwenye tawi, vijana wanne washike chini, yeye akate. Nimkubalie? – Mama wa Tegeta

Marahaba mama. Kwa maelezo hayo usimkubalie kwanza, na sio kwamba kijana ni mbaya, ni kwamba hao vijana wanne ndo tatizo lenyewe. Mti mbichi wa mwembe uzito wake unakaribia wa maji, sasa chukua tawi lenye unene wa sentimita 30, yani ukilizungushia tepu ya fundi cherehani unapata kama sentimita 94, kila mita moja ya tawi hilo ni kilo 60 mpaka 70. Mita tatu tu ushakaribia kilo 200 na hujahesabu majani, vitawi na maembe yenyewe kama ni msimu. Unene wa 20 ni kama kilo 30 kwa mita, unene wa 40 ni kilo 120 hivi, manake unene ukiongezeka mara mbili uzito unaongezeka mara nne, na hapo ndo wengi wanapoingia chaka, wanaangalia tawi kwa macho wanasema "hili si kama lile la jana tu".

Sasa vijana wanne wameshika kamba mikononi. Tawi likianza kwenda, wa kwanza kamba inamuunguza anaachia, wa pili anamwona mwenzake kaachia naye anaachia, waliobaki wawili ama wananyanyuliwa ama wanaburuzwa mpaka kwenye shina, na bati la jirani ndo hilo.

Kinachotakiwa kushika tawi ni mti wenyewe. Kamba inafungwa kwenye tawi linalokatwa, inapanda mpaka kwenye panda imara iliyo juu zaidi ya hilo tawi, inapita pale, inashuka mpaka chini, na pale chini inazungushwa kwenye shina la mti huohuo, au mti mwingine uliosimama karibu, mizunguko miwili hivi, halafu mtu mmoja, tena mtu aliyetulia sio mpiga stori, anashika ncha akiwa amesimama pembeni mita kadhaa, mahali ambapo hakuna kinachoweza kumwangukia. Msuguano wa kamba na ganda ndo unabeba mzigo. Kwa makadirio mzunguko mmoja kamili unapunguza mzigo mpaka robo au moja ya tano, wa pili unapunguza tena kile kilichobaki kwa kiasi hichohicho, kwahiyo tawi la kilo 100 kwa mizunguko miwili wewe mkononi unasikia kilo nne, tano, sita hivi, inategemea ganda lilivyo na kamba ilivyo. Hata mtoto wa sekondari anashika, japo mtoto tusimweke pale. Ukizidisha mizunguko kwenye tawi dogo kamba haitembei kabisa, tawi linabaki linaning'inia hewani na watu wanaanza kulaumiana, kwahiyo anza na miwili uone.

La pili, asilikate lote kwa mpigo mmoja. Aanzie kule kwenye ncha, vipande vidogovidogo, arudi nyuma kuelekea shina, kila kipande kiteremshwe kifunguliwe kamba irudi juu. Inachukua muda, ndio, na atataka hela zaidi, mpe. Mi ningemuuliza tu hivi kabla hajapanda: kamba itapita wapi juu, itazungushwa wapi chini, na nani anashika. Akikujibu "tutaona hukohuko juu", mpe nauli arudi kwao.

Mambo fundi. Mi napogoa migrevilea kwenye mashamba ya kahawa huku Marangu, nikifunga kamba kwenye tawi fundo linakaza mpaka nalikata kwa panga, kamba ilikuwa mita 30 sahizi imebaki vipande vya kufungia mbuzi. Fundo gani linashika ila linafunguka? – Dogo wa Marangu

Poa mdogo wangu. Fundo unalolitafuta mabaharia wanalo siku zote, ni kile kitanzi kisichokaza, na ukikiacha kiteleze juu ya kamba yenyewe kinakuwa tanzi la kukaba tawi. Fanya hivi: ncha ya kamba izungushe kwenye tawi, ikirudi ipitishe pia kuizunguka kamba kuu ile inayopanda juu, ili kamba kuu ibaki ndani. Sasa kwenye ile kamba ambayo ishazunguka tawi tengeneza kijitanzi kidogo, upande wa ncha ukae juu. Ncha iingie kwenye kijitanzi kutokea chini, izunguke nyuma ya kamba yake, irudi kwenye kijitanzi ilikotokea. Kaza. Ncha iliyobaki iwe ndefu angalau shibiri nzima, usibanie. Ukivuta kamba kuu tanzi linakaba tawi, ila fundo lenyewe halijabanwa, mzigo ukitoka unalisukuma mgongo kwa dole gumba linalegea hata kama lilibeba kilo mia. Jifunzie kwenye mguu wa meza nyumbani mpaka ulifunge ukiwa umefumba macho, usiende kujifunzia juu ya mgrevilea.

Kama hilo linakuchanganya, kuna la pili rahisi zaidi: zungusha kamba kwenye tawi mara mbili, mzunguko wa pili uvuke juu ya wa kwanza na ncha ipite chini ya huo mvuko, watu wanafungia mbuzi na mitumbwi hivyo, halafu malizia kwa kufunga nusu fundo mbili kwenye kamba kuu. Bila hizo nusu fundo mbili linaweza kujizungusha na kufunguka, kwahiyo sio mapambo.

Kwa tawi refu au kigogo kilichonyooka ongeza kitu kimoja, ukishafunga tanzi, mbele yake kidogo kuelekea kule kamba inakovutia piga nusu fundo moja kuzunguka tawi. Hapo mzigo unagawanyika sehemu mbili, kigogo hakizunguki ovyo na tanzi haliponyoki. Na siku zote funga nyuma ya kijitawi au panda, yani kama fundo likitaka kuteleza likutane na kitu cha kulizuia, hasa mti ukiwa umelowa asubuhi na ukungu wenu huo wa mlimani.

Halafu mgrevilea matawi yake yanakatika kirahisi kwa upepo tu, kwahiyo usipitishe kamba kwenye tawi jembamba ukasema panda ni panda. Pitisha karibu na shina kabisa, pale panapoota.

Fundi habari. Nina mfenesi unaotaka kupunguzwa, tawi linapita juu ya jiko la makuti. Wajukuu wanabishana, mmoja anasema kamba ifungwe kwenye shina la tawi, mwingine anasema ifungwe kule mwishoni. Nani mkweli? – Mzee wa Muheza

Shikamoo mzee. Wote wawili wana haki kutegemea unataka upande gani uende chini kwanza, ila kwa jiko lako mmoja atakuchomea makuti bila moto.

Ukifunga karibu na pale unapokata, tawi likiachia ule upande wa majani ndo unaangukia chini kwanza, unazunguka kama bawaba, na kama chini yake pana jiko basi majani yote yanatua kwenye jiko. Njia hii nzuri kama chini ni uwanja mtupu. Ukifunga kule kwenye ncha, na panda uliyopitishia kamba iko juu zaidi ya hiyo ncha, basi ni kinyume, upande uliokatwa ndo unashuka na tawi linaning'inia wima majani juu, likibembea kurudi kwenye shina. Jiko linapona. Ila huyo aliye juu ya mti awe amekaa upande mwingine wa shina, maana ule mguu wa tawi unarudi kwake kwa kasi, na hakuna helmeti ya kuzuia kilo 80 zinazokuja ubavuni.

Ya tatu ni ya kufunga katikati, tawi lishuke limelala sawasawa. Hii ndo ningeichagua kwa jiko la makuti. Ila usifunge sehemu moja tu katikati ukategemea bahati, mfenesi unaegemea upande wenye majani na mafenesi. Chukua kipande cha kamba kifupi, funga ncha moja karibu na unapokata, ncha nyingine mbele kule kwenye majani, halafu kamba kuu iishike hiyo kamba fupi karibu zaidi na upande mzito. Vuta kidogo kabla ya kukata, mti utakwambia wenyewe kama umesawazisha.

Na kwa vyovyote vile funga kamba ya pili nyembamba kwenye tawi, hiyo haibebi mzigo, ni ya mjukuu mmoja kusimama mbali uwanjani na kuliongoza tawi lisijizungushe na kwenda linakotaka. Mafenesi yenyewe yashusheni mapema, kabla ya kazi, fenesi moja linaweza kuwa na kilo kumi na kuendelea na linapochomoka halisubiri kamba. Utomvu nao, mkishamaliza futeni kamba kwa mafuta ya kula, ukikauka umekauka.

Niko Korogwe, huku katani ni yetu, nimekulia kwenye mashamba ya mkonge. Kwa nini mafundi wa mjini wanadharau kamba ya katani wanataka ya plastiki tu? – Mwana wa Mkonge

Hapo umenigusa. Mkonge uliletwa huku Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche elfu moja ikatoka Florida ikapitia Hamburg na iliyofika ikaota ni 62 tu, na kutoka kwenye hiyo 62 ndo yale mashamba yote. Kwahiyo katani tuiheshimu.

Lakini kwenye kazi hii ina mazuri na mabaya. Zuri lake kubwa haiyeyuki. Kamba ikitembea kwenye ganda na mzigo inapata joto, katani inaweza kunuka moshi ila haibadiliki kuwa uji. Pia haivutiki sana, inashika vizuri kwenye shina, na mikono haiteleziki. Baya lake inaoza kwa ndani. Ikilowa ikawekwa stoo bado mbichi, kwa nje unaiona kamba, ukiifungua nyuzi zake ndani ni vumbi. Na kwa unene uleule nguvu yake ni ndogo ukilinganisha na za viwandani. Mi natumia katani kwa ile kamba ya kuongozea, na kwa matawi mepesi kama mpya na kavu.

Hizi za plastiki za rangirangi ambazo dukani wanaziita manila, zile nyepesi zinazoelea, zinaanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, na msuguano kwenye shina unaweza kufika huko kama tawi zito likishuka kwa kasi. Jua nalo linazila, ukiona zinatoa unga mweupe ukizipapasa, kazi yake imebaki kuanikia nguo. Nailoni ina nguvu sana ila inavutika, tawi linashuka zaidi ya ulivyotaka halafu linarudi juu linacheza, juu ya bati hiyo sio habari njema, na ikilowa nguvu inapungua kidogo. Nzuri kuliko zote ni poliesta iliyosukwa, milimita 12 mpaka 16, haivutiki sana, inavumilia joto na jua. Bei imesimama, ndio. Mchangane watatu mnunue moja.

Na ile namba ya kilo iliyoandikwa kwenye kibandiko cha dukani, angalia kama wameandika ni kilo za kukatikia. Kama ni hizo gawanya kwa kumi, kamba inayokatika kwa kilo 2000 wewe ibebeshe 200 basi. Sio uoga, fundo unalofunga linaweza kula theluthi ya nguvu au zaidi, na tawi likidondoka kidogo tu kabla kamba haijakaza mzigo unaruka mara kadhaa.

Mimi kazi yangu ni kushika kamba chini. Bosi akiwa juu na chenso, ule msumeno wa mashine, inanguruma simsikii, akishakata ananilaumu, mara nimelegeza mno mara nimekaza mno. Nisaidie. – Mtu wa Chini, Morogoro

Wewe ndo mtu muhimu kuliko huyo wa juu na bosi wako hajui. Mwambie hivi, tena mkiwa bado mnakunywa chai: chenso inazimwa kabla ya mtu kuongea. Maneno yawe matatu, "kaza", "legeza", "simama", na we unayarudia kwa sauti ili ajue umesikia. Hayo mengine ya "kidogo kidogo bwana, hapohapo, we vipi" hayafai. Kama kelele hazikwepeki mkubaliane mikono, ngumi ni simama, kiganja chini ni teremsha. Na yeyote akipiga kelele simama, hata mpita njia, kila kitu kinasimama.

Kabla hajaanza kukata kamba iwe imekaza, hii ndo siri kubwa. Tawi la kilo 60 likidondoka mita moja kabla ya kukutana na kamba, linaivuta kwa mamia ya kilo, na hiyo inaenda kwenye fundo, kwenye panda na kwenye mti ambao bosi wako kajifunga. Kwahiyo vuta legevu yote, zungusha kwenye shina, mpe ishara.

Likishakatika usilisimamishe papo hapo. Hapa wengi wanakosea kwa sababu ya woga, wanang'ang'ania kamba, tawi linasimama ghafla mti mzima unatikisika. Liache litembee, kamba ipite mkononi, halafu punguza mwendo taratibu mpaka lisimame, kama dereva wa basi anayejua kushika breki. Kama chini hamna nafasi ya kuliacha litembee, basi kipande kilichokatwa kilikuwa kikubwa mno, na hilo ni la bosi sio lako.

Vaa glovu za ngozi. Kamba usiizungushe mkononi hata mara moja, hata kama inateleza, ikiteleza ongeza mzunguko kwenye shina mapema kabla ya kukata. Na ile kamba iliyobaki chini isikae miguuni mwako, iwe nyuma yako imelazwa vizuri, maana inapokimbia haiulizi mguu wa nani uko katikati.

Nakata mikaratusi huku Mbeya kwa chenso. Nikianza kukata tawi kwa juu, kabla sijafika nusu linachanika na ganda mpaka chini kwenye shina, mara nyingine linabana mnyororo. Shida nini?

Unaanzia juu, ndo shida. Tawi linaloning'inia kwa juu limevutika, kwa chini limebanwa, ukikata juu peke yake linavunjika kabla hujamaliza na zile nyuzi za chini zinachanika na ganda. Anza chini, robo ya unene au theluthi hivi, usizidishe mnyororo utabanwa. Halafu nenda juu ukate ukiwa umesogea kidogo kuelekea kwenye majani, sentimita chache tu. Litaachia lenyewe kwa mlio mmoja safi, limelala, na kamba ikiwa imekaza linahama taratibu. Kile kisiki kifupi kilichobaki kwenye shina ukikate mwishoni, ila ule uvimbe wa ganda pale tawi linapotokea uuache, mti unajifunika jeraha kupitia hapo, ukiukata sawa na shina umekaribisha kuoza.

Umekaa kwenye ngazi? Shuka. Chenso na ngazi na tawi linalobembea haviendi pamoja, tumia msumeno wa mkono kwa matawi yenye unene wa kifundo cha mkono, unakata polepole na unasikia kabla halijaachia.

Baba alikuwa mvuvi, ameacha kapi (puli) za mbao za jahazi. Naweza kuzitumia juu ya mti badala ya kupitisha kamba kwenye panda? – Tanga

Kapi ni kitu kizuri sana, kamba haiumii, ganda haliumii, na unachagua pa kuifunga badala ya kuomba mti uwe na panda mahali unapotaka. Ila jua mambo mawili. Panda ya mti ilikuwa inakusaidia kushika, msuguano wake ulibeba sehemu ya mzigo, kapi haishiki chochote, kwahiyo kule chini lazima mizunguko kwenye shina iongezeke. Na pale ilipofungwa panabeba karibu mara mbili, upande mmoja tawi, upande mwingine wewe unayelizuia. Tawi la kilo 100 linavuta pale juu kama 200, na likishtuka zaidi ya hapo. Kwahiyo funga kwenye shina hasa, sio kwenye tawi, na kamba ya kuifungia iwe nene kuliko ile inayotembea.

Hizo za marehemu mzee angalia kwanza kijigurudumu na msumari wake wa katikati, chumvi inakula chuma kwa ndani. Mi ningezitundika sebuleni nikanunue ya chuma iliyoandikwa uzito wake. Zile puli ndogo za kupandishia ndoo za zege nazo hapana, zilitengenezwa kwa ndoo.

Mnazi mrefu umesimama katikati ya nyumba mbili hapa Malindi, hauna matawi, kamba tutapitisha wapi? Na umekufa kichwa.

Hamtapitisha popote, na msipande. Mnazi uliokufa kichwa haujulikani umeoza kiasi gani ndani, unaweza kumbeba mkwezi mpaka juu halafu ukakatika naye. Hata ungekuwa mzima, kushusha vipande vya shina lenyewe maana yake kamba inafungwa chini ya pale unapokata, kipande lazima kidondoke kwanza ndo kikutane na kamba, ule mshtuko niliomwambia mtu wa Morogoro hapa unakuja wote kwenye nguzo ambayo mkwezi kaikumbatia. Hiyo ni kazi ya watu wenye gari lenye kikapu au kreni. Mnazi mzima mnaopunguza kuti na nazi tu, kuti zinadondoshwa watu wakiwa mbali, vichala vya nazi vikiwa juu ya bati ndo vinafungwa kamba kimoja kimoja.

Tawi limepita juu ya waya wa umeme, tukilivuta kwa kamba ya plastiki si haipitishi umeme?

Hapana, msiguse. Kamba ikiwa na unyevu au vumbi inapitisha, na mti mbichi wenyewe unapitisha. Bongo piga TANESCO, Kenya piga Kenya Power, wakate umeme wao kwanza. Wakichelewa, subirini.

Fundi haraka tafadhali! Kamba imenasa kwenye panda, tawi kubwa linaning'inia mita tatu juu ya geti, aliyekata ameshuka anasema amechoka atarudi kesho. Tufanyeje usiku huu?

Picha nimeiona. Kwanza fungeni hiyo ncha ya chini vizuri kwenye shina, mizunguko mitatu na fundo, isitegemee mkono wa mtu. Geti lisitumike, watu wapite mlango mwingine, wekeni viti au matofali na kitambaa chekundu watoto wasipite chini, na gari lililoko ndani lilale huko huko. Kamba msiikate na msiivute kwa gari, gari halisikii pale inaponasa. Kesho kukipambazuka apande mtu mwingine aliyepumzika, na kamba yake ya kumshikilia, apitishe kamba ya pili kwenye panda nyingine iliyo juu zaidi, aifunge kwenye tawi, muikaze chini mpaka ile ya kwanza ilegee, ndipo aitoe iliponasa. Tawi lishuke kwa hiyo mpya. Na huyo aliyechoka asilipwe mpaka hapo.